Kutoka Wazo hadi Soko: Mafunzo ya Mvumbuzi wa Fotokopi

Wazo jipya hupita hatua kadhaa kabla halijageuka kuwa riziki: kuona tatizo, kutafuta njia, kujaribu, kulinda haki, kupata mshirika, kupata mteja wa kwanza, kisha kupanga namna ya kutoza. Kila hatua ina ujuzi wake, na ni nadra mtu mmoja kuwa nao wote. Wavumbuzi wengi hukwama wazo likiwa zima kabisa, kwa kuwa wanafanya kazi ya hatua moja wakati wao wako kwenye hatua nyingine. Aliyepaswa kuandikisha hataza anazunguka na kifaa chake kwenye maonyesho. Aliyepaswa kutafuta mshirika anaendelea kukaza skrubu peke yake chumbani.

Safari ya Chester Carlson, Mmarekani aliyevumbua njia ya kutoa nakala kavu inayotumika hadi leo katika mashine za fotokopi na printa za leza, inazionyesha hatua hizo zote pamoja na gharama zake. Nakala yake ya kwanza ilipatikana mwaka 1938. Mashine iliyoifanya njia hiyo kuwa biashara kubwa ilianza kupelekwa kwa wateja mwaka 1960. Mwongozo huu unaifuata miaka hiyo kwa mpangilio, na kila inapofaa unaeleza kinachoweza kufanywa na mvumbuzi wa leo, awe fundi wa gereji, mwanafunzi wa chuo au mkulima aliyebuni kifaa chake mwenyewe.

1. Kuchagua tatizo

Carlson alizaliwa Seattle mwaka 1906 na kukulia San Bernardino, California. Baba yake aliugua kifua kikuu na maradhi ya viungo. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Carlson akiwa na miaka 17. Tangu utotoni alifanya vibarua kabla na baada ya saa za shule, na bado akiwa kijana mdogo alikuwa ndiye tegemeo kuu la nyumba. Kibarua kimojawapo kilikuwa kwa mwenye duka la uchapaji, ambako alijipatia mashine kuukuu ya kuchapia. Aliitumia kutoa jarida dogo la wapenzi wa kemia. Jarida halikufika mbali, lakini lilimwonjesha mapema taabu ya kuyatoa maandishi yale yale mara nyingi.

Alihitimu fizikia katika chuo cha California Institute of Technology mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka. Aliomba kazi kwenye makampuni 82 bila mafanikio, kabla ya kupata nafasi katika maabara za Bell, New York. Huko aliandika kwenye madaftari yake mawazo zaidi ya 400 ya uvumbuzi. Alipunguzwa kazini mwaka 1933, na baadaye akaingia idara ya hataza ya P. R. Mallory, kampuni ya vifaa vya umeme.

Tatizo lililomtajirisha halikutoka kwenye ile orodha ya mawazo 400. Lilikuwa mezani pake. Maombi ya hataza yalihitaji nakala kadhaa za maelezo na michoro, na nakala hazikuwahi kutosha. Maelezo yalipigwa chapa upya kwa taipureta, kukiwa na karatasi za kaboni katikati, kisha mtu akakaa kusoma neno kwa neno kutafuta makosa. Michoro ilipelekwa nje kupigwa picha kwa fotostati, huduma iliyokuwa ghali na ya kusubiri. Carlson mwenyewe alikuwa na uoni hafifu na maumivu ya uti wa mgongo, hivyo kunakili kwa mkono kulimuumiza kweli.

Tatizo linalofaa kufanyiwa kazi lina dalili tatu. Kwanza, linajirudia kila wiki, au kila siku. Pili, kuna mtu ambaye tayari anatoa fedha au muda kulipunguza, hata kwa njia mbovu. Tatu, mvumbuzi analifahamu kwa karibu kiasi cha kutambua suluhisho baya linapomjia. Tatizo lisilo na dalili ya pili lina hatari kubwa kuliko yote, kwa sababu watu wanaolilalamikia bila kutoa hata senti huenda wasitoe hata likitatuliwa.

2. Kusoma kabla ya kujaribu

Jioni na siku za mapumziko, Carlson alishinda katika Maktaba ya Umma ya New York. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa wa kibiashara kuliko wa kisayansi: aliiacha njia ya kemikali za picha. Makampuni makubwa kama Kodak yalikuwa na maabara zilizojaa wataalamu wa kemikali hizo, na mtu mmoja mwenye mshahara wa kawaida asingeweza kushindana nao. Akageukia tabia ya baadhi ya vitu kubadilika kiumeme vinapopigwa na mwanga. Humo alikutana na maandishi ya Pál Selényi, mwanafizikia wa Hungaria aliyekuwa ameonyesha kwamba chaji za umeme zinaweza kuvuta unga ukajipanga na kufanya picha.

Wazo la Carlson lilikuwa kuviunganisha vitu hivyo viwili. Bamba linapewa umeme tuli gizani, kisha kivuli cha maandishi kinaangukia juu yake. Palipopata mwanga umeme unatoweka, palipo na giza la herufi unabaki. Unga ukinyunyizwa hushika kwenye umeme uliobaki, na hapo maandishi yanajitokeza.

Utafiti wa namna hii siku hizi hauhitaji safari ya New York. Hataza zilizokwisha kutolewa duniani zinasomwa bure kwenye intaneti kupitia Espacenet, Patentscope na Google Patents. Saa chache za kutafuta humo hujibu maswali matatu: kama wazo limeshawahi kuandikishwa, lilikwama wapi, na nani wengine wanashughulika nalo. Mvumbuzi akigundua kwamba wazo lake lina mwenyewe, ameokoa fedha. Akiona kwamba njia moja imejaa makampuni makubwa, anaweza kufuata mfano wa Carlson na kutafuta njia yenye watu wachache.

Matokeo ya usomaji yaandikwe kwenye daftari lenye kurasa zilizofungwa pamoja, kila ukurasa ukiwa na tarehe na sahihi, na inapowezekana sahihi ya shahidi. Daftari hilo husaidia ukizuka ubishi kuhusu nani alianza, na humsaidia mvumbuzi asirudie jaribio lililokwisha kushindikana.

3. Jaribio dogo la bei ndogo

Majaribio ya mwanzo yalifanyika jikoni nyumbani kwa Carlson. Aliyeyusha salfa juu ya jiko ili kuipaka kwenye bamba la zinki, na harufu ya mayai yaliyooza ilijaa nyumba nzima. Mambo yalipokuwa magumu alikodi chumba mtaa wa Astoria, New York, akamwajiri Otto Kornei, mhandisi mkimbizi kutoka Austria aliyekuwa akitafuta kazi.

Tarehe 22 Oktoba 1938 Kornei aliandika kwa wino kwenye kipande cha kioo cha hadubini: 10-22-38 ASTORIA. Bamba la zinki lililopakwa salfa lilisuguliwa kwa leso mpaka likapata umeme. Kioo kikawekwa juu yake, taa kali ikawashwa kwa sekunde chache, kioo kikaondolewa. Unga mwepesi wa spora za mmea ukanyunyizwa, kisha ukapulizwa. Uliobaki ulikuwa na umbo la herufi. Karatasi yenye nta ilikandamizwa juu, ikapashwa moto, unga ukanasa. Hiyo ndiyo nakala kavu ya kwanza, na vifaa vyake vyote vingeweza kuwekwa juu ya meza moja.

Jaribio hilo lilijibu swali moja tu: je, inawezekana? Halikuuliza kama mashine itakuwa na kasi, kama itapendeza, wala kama itauzika. Mvumbuzi mwenye fedha kidogo hunufaika akilitenga swali kwa namna hiyo. Anayetengeneza mashine ya kukamua alizeti, kwa mfano, hana haja ya kuanza na bodi iliyopakwa rangi. Kinachohitajika kwanza ni kinu kimoja kinachothibitisha kwamba mafuta yanatoka zaidi kuliko kwa mashine zilizopo. Kila jaribio liwe na swali lake, na lisitumie fedha za swali linalofuata.

4. Kulinda haki

Carlson aliwasilisha maombi yake ya kwanza ya hataza mwezi Oktoba 1937, mwaka mmoja kabla ya jaribio la Astoria kufaulu. Maombi yenye maelezo kamili yalifuata mwaka 1939, na hataza namba 2,297,691 ilitolewa tarehe 6 Oktoba 1942. Yeye mwenyewe alikuwa mtaalamu wa fani hiyo, na usiku alisomea sheria katika New York Law School. Alijua kwamba bila karatasi hiyo hakuwa na kitu cha kumwonyesha mshirika.

Kanuni kuu ni kuwasilisha maombi kabla ya kutangaza. Uvumbuzi ulioonyeshwa hadharani, ukaandikwa gazetini au kuuzwa, huenda ukapoteza sifa ya upya inayodaiwa na sheria. Tanzania Bara maombi hupelekwa BRELA, Zanzibar kwa BPRA, Kenya kwa KIPI, Uganda kwa URSB na Rwanda kwa RDB. Shirika la ARIPO lenye makao Harare hupokea ombi moja linaloweza kugusa nchi wanachama kadhaa. Hataza hulinda katika nchi ilikotolewa tu. Aliyewasilisha ombi nchini mwake huwa na miezi 12 ya kuomba kwingine bila kupoteza tarehe yake ya kwanza. Maboresho madogo ya kifaa kilichopo, ambayo hayafikii kiwango cha hataza, yanaweza kupata cheti cha aina yake chenye masharti mepesi na muda mfupi zaidi. Jina la bidhaa nalo linalindwa kivyake kama alama ya biashara.

Hataza ina saa inayohesabu. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Ile ya 1942 iliisha Oktoba 1959, miezi michache kabla ya mashine kubwa kuanza kupelekwa kwa wateja. Biashara haikuanguka kwa sababu katika miaka ya katikati yalikuwa yameandikishwa maboresho mengi: bamba la seleniamu badala ya salfa, waya wa kutia chaji badala ya leso, unga bora wa wino. Kinachojenga ngome ni mfululizo wa maboresho unaofuata ile hataza ya kwanza, na kila boresho linastahili kuandikwa na kuandikishwa kwa wakati wake.

5. Kuishi wakati wa kusubiri

Kuanzia 1939 hadi 1944 Carlson alibisha hodi kwenye makampuni zaidi ya 20, yakiwemo IBM, General Electric, RCA na Kodak. Hakuna lililomkubalia. Bamba la salfa, leso na unga havikufanana na mashine ya ofisini, na wakurugenzi hawakuona haja ya kutafuta mbadala wa karatasi ya kaboni. Maradhi ya uti wa mgongo yaliendelea kumsumbua, na mwaka 1945 ndoa yake ya kwanza ilivunjika.

Kilichomvusha ni mshahara. Carlson hakuacha kazi ya idara ya hataza ili kuufuata uvumbuzi. Kodi ililipwa na ajira, uvumbuzi ukapata jioni na siku za mapumziko. Mpangilio huo ni wa polepole, lakini humwondolea mvumbuzi shinikizo la kuuza haki zake kwa bei ya kutupa mwenye nyumba anapogonga mlango.

Mambo manne yanafaa kupangwa mapema katika kipindi hiki. Bajeti ya majaribio itengwe na fedha za chakula na ada, na iwe na kikomo cha mwezi. Familia ielezwe wazi kinachofanyika na kitachukua nini, kwa sababu wao ndio wanaoishi na harufu ya salfa. Afya isiwekwe kando kwa ahadi ya kuishughulikia baadaye. Mwisho, kila jibu la kukataliwa liandikwe pamoja na sababu iliyotolewa. Makampuni matano yakitaja sababu ile ile, hapo kuna kazi ya kufanya. Kila moja likitaja yake, huenda tatizo ni namna wazo linavyoonyeshwa.

6. Kupata mshirika anayefaa

Mlango ulifunguka kupitia kazi yake ya kila siku. Mwaka 1944 Russell Dayton, mhandisi wa taasisi ya utafiti ya Battelle iliyoko Columbus, Ohio, alifika Mallory kwa shughuli za hataza, Carlson akamgusia uvumbuzi wake. Battelle ilikubali kuuendeleza kwa makubaliano ya kugawana mapato. Huko ndiko wanasayansi walikobadilisha salfa kwa seleniamu na kuboresha unga.

Mshirika wa pili alitoka kwenye maandishi. Makala kuhusu uvumbuzi huo ilichapishwa kwenye jarida mwaka 1944, na muhtasari wake ukamfikia John Dessauer, mkuu wa utafiti wa Haloid. Hii ilikuwa kampuni ndogo ya karatasi za picha mjini Rochester, New York, mji ule ule wa Kodak. Bosi wake, Joseph Wilson, alikuwa akitafuta bidhaa mpya kwa sababu biashara ya karatasi ilikuwa inabanwa. Mwishoni mwa 1946 Haloid ilikubaliana na Battelle kupata leseni. Carlson baadaye alihamia Rochester na kuwa mshauri wa kampuni hiyo.

Haloid haikuwa na fedha za Kodak wala jina la IBM, lakini ilikuwa na njaa. Kampuni kubwa yenye bidhaa inayouzika haina sababu ya kuhatarisha; kampuni ndogo inayoona soko lake linafifia inayo. Kati ya 1947 na 1960 Haloid ilitumia takriban dola milioni 75 kwenye teknolojia hiyo, kama mara mbili ya faida iliyopata katika shughuli zake za kawaida kipindi hicho. Wafanyakazi walikubali hisa badala ya sehemu ya mishahara. Mshirika wa kutafutwa, basi, ni yule ambaye kushindwa kwa uvumbuzi kutamuuma.

Mkataba na mshirika unapaswa kutaja wazi:

- nani anamiliki hataza ya mwanzo, na nani atamiliki maboresho yatakayofuata;
- mrabaha unahesabiwa kwa kipimo gani: bei ya kuuzia, faida, au idadi ya bidhaa;
- mshirika analazimika kufanya nini na kwa muda gani, na haki zinarudi kwa nani asipofanya;
- leseni ni ya mshirika huyo peke yake au inaweza kutolewa kwa wengine;
- mvumbuzi ana haki ya kukagua hesabu za mauzo.

Kipengele cha tatu husahaulika zaidi. Hataza inayowekwa kabatini na kampuni isiyotaka kuitumia inaendelea kuhesabu miaka yake kama kawaida.

7. Mteja wa kwanza

Uvumbuzi ulitangazwa rasmi tarehe 22 Oktoba 1948, miaka kumi kamili tangu jaribio la Astoria. Mashine ya kwanza, Model A, iliingia sokoni 1949. Kutoa nakala moja kulihitaji hatua 39 za mkono, na ofisi zilizoijaribu ziliirudisha.

Haloid iliokolewa na matumizi ambayo hayakuwa lengo lake. Mashine ile ile ilifaa sana kutengeneza bamba za karatasi za kuchapia kwa ofseti. Mafundi wa uchapaji walikuwa wamezoea kazi ya hatua nyingi, na kwao hatua 39 zilikuwa nafuu ikilinganishwa na bamba za chuma. Fedha za soko hilo dogo zilisaidia kugharimia utafiti wa miaka iliyofuata.

Kuna fundisho la vitendo hapa. Kifaa kikikataliwa na wateja waliokusudiwa, kabla ya kukibadilisha ni vizuri kutafuta watu ambao kasoro yake si kasoro kwao. Kikaushio cha matunda kinachochukua siku mbili ni cha taratibu mno kwa kiwanda, lakini huenda kikamfaa mama anayekausha mboga za msimu kwa ajili ya genge lake. Mteja wa kwanza hutoa fedha, na hutoa pia taarifa za matumizi ambazo haziwezi kupatikana chumbani.

8. Namna ya kutoza

Mashine iliyobadilisha mambo iliitwa 914, kwa sababu ilichukua karatasi ya inchi 9 kwa 14. Ilionyeshwa hadharani Septemba 1959 na kuanza kupelekwa kwa wateja Machi 1960. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na karatasi iliponasa karibu na sehemu ya joto iliweza kushika moto, hivyo ilikuja na kizima moto chake. Lakini ilitumia karatasi ya kawaida, na katibu muhtasi aliweza kutoa nakala kwa kubonyeza kitufe.

Ugumu ulikuwa bei. Mashine za kunakili za wakati huo ziliuzwa karibu dola 300, na wauzaji walipata faida yao kwenye karatasi maalumu. Kutengeneza 914 moja tu kuligharimu takriban dola 2,000. Washauri wa kampuni ya Arthur D. Little waliifanyia IBM tathmini na kuona hakuna soko la kutosha. Kwa bei hiyo ya kuuza mashine, hesabu yao ilikuwa sahihi.

Haloid, iliyokuwa imebadili jina kuwa Haloid Xerox, iliamua kutoiuza bali kuikodisha. Mteja alilipa dola 95 kwa mwezi, akapata nakala 2,000 ndani ya malipo hayo, na kila nakala iliyozidi alilipia senti 4. Matengenezo yalikuwa juu ya kampuni, na mteja aliweza kuvunja mkataba kwa taarifa ya siku 15. Hatari yote ilihamia kwa mwenye mashine. Ofisi zilizokuwa zikitoa nakala 15 au 20 kwa siku zikaanza kutoa wastani wa 2,000 kwa siku, maana nakala ikiwa rahisi watu hugundua sababu mpya za kuihitaji. Mapato yaliyokuwa takriban dola milioni 30 mwishoni mwa miaka ya 1950 yalivuka milioni 500 katikati ya miaka ya 1960.

Malipo ya ukurasa mmoja mmoja ndiyo yanayoendesha kila duka la steshenari lililo karibu na mahakama, chuo au ofisi ya wilaya Afrika Mashariki: mwombaji kazi hanunui mashine, ananunua kopi tatu za cheti. Mantiki hiyo imeenea kwenye bidhaa nyingine ghali. Pikipiki za mkataba humwezesha dereva wa bodaboda kulipa kila siku au kila wiki, na umeme wa jua wa M-KOPA, ulioanzia Kenya, hulipiwa kidogo kidogo kwa simu. Kabla ya kushusha ubora ili kushusha bei, mvumbuzi apige hesabu ya njia nyingine: kukodisha, kulipia kwa matumizi, kuuza huduma badala ya kifaa, au kuiweka mashine kwa wakala anayegawana mapato. Kila njia inahitaji mtaji wa kusubiri, na hapo mshirika mwenye fedha anarudi kuwa wa lazima.

9. Kugawana kilichopatikana

Kornei aliondoka mwaka 1939, miezi michache baada ya jaribio la Astoria, kwa kuwa hakuona mustakabali wa kazi ile. Makubaliano yake ya kupata sehemu ya mapato yalifutwa. Miaka mingi baadaye, utajiri ulipofika, Carlson alimtumia hisa 100 za Xerox bila kudaiwa. Msaidizi wa mwanzo anastahili makubaliano ya maandishi yanayosema atapata nini akibaki na nini akiondoka. Kinachozidi hapo ni utu wa mwenye mali.

Carlson mwenyewe alipata takriban sehemu moja ya kumi na sita ya senti kwa kila nakala iliyotolewa kwa mashine za Xerox duniani hadi 1965. Sehemu ndogo ya kitu kinachorudiwa mara mabilioni ilitosha kumfanya mmoja wa matajiri wa Marekani. Mvumbuzi anayeng'ang'ania asilimia kubwa ya biashara isiyo na mtaji anaweza kuishia na asilimia hiyo ya sifuri.

Hakuishi kwa anasa. Alitoa takriban dola milioni 100 kwa vyuo, taasisi za amani na za haki za raia, mara nyingi kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe. Alifariki New York mwezi Septemba 1968, akiwa na miaka 62. Fedha za mrabaha huja kwa mawimbi na hukoma siku hataza au mkataba unapoisha, hivyo ni busara kuamua mapema kiasi cha kuishi, cha kurudisha kwenye utafiti na cha kutoa, kabla ya wimbi la kwanza.

10. Kujiandaa kwa mwisho wa mafanikio

Xerox nayo iliponzwa na ushindi wake. Kwa kuwa faida ilitoka kwenye ukodishaji wa mashine kubwa zenye mafundi wa kuzihudumia, kampuni haikutilia maanani mashine ndogo za bei nafuu. Mwaka 1975 ilifikia makubaliano na serikali ya Marekani, kufuatia mashitaka ya kuhodhi soko, na kukubali kuwapa wengine leseni za hataza zake. Makampuni ya Japani, yakiwemo Canon na Ricoh, yaliingia na mashine ndogo zisizohitaji fundi kila mara, na sehemu ya Xerox katika soko ikaporomoka.

Katika miaka hiyo hiyo kituo chake cha utafiti cha PARC, California, kilitengeneza kompyuta ya Alto mwaka 1973, mapema kuliko kompyuta nyingi za binafsi zilizokuja kufahamika. Wakuu wa kampuni hawakuona jinsi ya kuiuza kwa mtindo waliouzoea. Printa ya leza, iliyobuniwa na mhandisi wao Gary Starkweather, ilifaulu, kwa sababu iliuza kurasa zilizochapwa, na hesabu ya kurasa waliielewa.

Kwa mwenye biashara ndogo, hatua hii ina kazi tatu. Tarehe ya mwisho ya hataza na ya kila mkataba ziandikwe kwenye kalenda, na bidhaa inayofuata ianze kutafutwa angalau miaka mitatu kabla. Mara moja kwa mwaka hesabu ifanywe upya kana kwamba mshindani mdogo ndiye anayeipiga: angeuza nini, kwa nani, kwa bei gani? Sehemu ya faida itengwe kwa majaribio yasiyofuata mtindo wa sasa wa kutoza, na yasimamiwe na mtu asiyelipwa kwa mauzo ya bidhaa ya zamani, kwa sababu anayelipwa kwa bidhaa hiyo atakuwa na sababu ya kuikataa mpya hata inapofaa.